Saa za Ziada Kazini: Jinsi Malipo Yake Yanavyohesabiwa

TUALA – Mfanyakazi wa duka la vifaa vya ujenzi mjini Tuala anayepokea mshahara wa msingi wa shilingi 18,000 kwa mwezi anapobaki kazini saa moja zaidi ya muda wake wa kawaida wa wiki, saa hiyo ina bei. Kwa hesabu inayotokana na amri ya mishahara inayotumika nchini Kenya, bei hiyo ni shilingi 120. Saa hiyo ikiangukia siku yake ya mapumziko au sikukuu ya kitaifa, bei inapanda hadi shilingi 160.

Zipo sehemu za kazi ambako saa hiyo hulipwa shilingi hamsini, au "mia ya chai", au asante tu. Mara nyingine ni ujanja wa mwajiri. Mara nyingine mwajiri mwenyewe hajui hesabu, na mfanyakazi pia haijui, kwa hiyo kila mwisho wa mwezi wawili hao hukubaliana juu ya kiasi ambacho hakuna anayeweza kueleza kilipotoka.

Masuala ya kazi na mishahara yako chini ya serikali ya kitaifa, kupitia Wizara ya Kazi na maafisa wake. Serikali ya Kaunti haipangi viwango hivi wala haiamui kesi zake. Hata hivyo, swali la saa za ziada, au ovataimu kama wengi wanavyoiita, linamgusa mkazi wa Tuala kila siku. Mji huu uko kati ya Kitengela na Ongata Rongai, kusini mwa Mbuga ya Taifa ya Nairobi. Kuna wanaoondoka alfajiri kwenda viwanda vya Athi River, wanaolinda mageti usiku, wanaouza madukani hadi giza liingie, na wanaolea watoto wa wengine katika nyumba zinazozidi kujengwa.

Amri ipi inahusika

Wengi wakitafuta kiwango cha malipo ya saa za ziada huifungua Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, wakaisoma mwanzo hadi mwisho na wasikione. Si kosa lao. Kifungu cha 27 cha sheria hiyo kinamtaka mwajiri adhibiti saa za kazi na kumpa mfanyakazi angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba. Hakisemi saa ya ziada italipwa shilingi ngapi.

Kiwango chenyewe kimo katika amri za mishahara, ambazo leo ziko chini ya Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2007. Amri inayowagusa watu wengi zaidi ni Amri ya Jumla ya Mishahara. Hii ndiyo inayohusu vibarua wa kawaida, wafagiaji, wahudumu, watunza bustani, yaya, wafanyakazi wa nyumbani na walinzi walioajiriwa moja kwa moja na mwenye nyumba. Sekta za kilimo, ujenzi na kampuni za ulinzi zina amri zao, na saa zao za wiki zinaweza kuwa tofauti. Kwa hiyo fundi wa mjengo au mfanyakazi wa shamba la maua upande wa Isinya asichukue hesabu ya makala haya nzimanzima. Aulize kwanza amri ya sekta yake inasemaje, au mkataba wa pamoja uliotiwa saini na chama chake.

Na kuna jambo moja linalosahaulika. Amri hizi ni sakafu, si dari. Ikiwa barua ya ajira au mkataba wa chama unatoa masharti bora zaidi, kwa mfano wiki ya saa 45 badala ya 52, hayo masharti bora ndiyo yanayofuatwa.

52, 60 na 225

Chini ya Amri ya Jumla, wiki ya kawaida ya kazi ya mchana haizidi saa 52, zilizogawanywa katika siku sita. Kwa kazi ya usiku, wiki haizidi saa 60. Kinachopita hapo ni saa za ziada.

Hesabu hii ni ya wiki. Wengine hudhani kila saa inayopita nane kwa siku ni ya ziada, lakini anayefanya saa tisa kwa siku tano na saa saba Jumamosi amefanya 52 kamili na bado hajaingia kwenye saa za ziada, labda mkataba wake useme vingine.

Malipo ni ya aina mbili. Saa ya ziada katika siku ya kawaida ya kazi hulipwa mara moja na nusu ya malipo ya saa. Saa iliyofanywa siku ya mapumziko ya mfanyakazi au siku ya sikukuu ya kitaifa hulipwa mara mbili. Siku ya mapumziko si lazima iwe Jumapili. Kwa mhudumu wa hoteli anayepumzika Jumatano, Jumatano ndiyo siku yake. Sikukuu ni zile zilizotajwa na sheria, kama vile 1 Mei, 1 Juni, 20 Oktoba na 12 Desemba, pamoja na siku ambayo serikali imeitangaza rasmi. Sikukuu ikiangukia Jumapili, siku inayofuata ndiyo huwa ya mapumziko.

Sasa swali linalozua ugomvi: mtu anayelipwa kwa mwezi, malipo yake ya saa moja ni kiasi gani? Amri inajibu kwamba hayatakuwa chini ya sehemu moja ya 225 ya mshahara wa msingi wa mwezi. Yaani mshahara wa msingi unagawanywa kwa 225.

Namba hiyo haikutoka hewani. Saa 52 kwa wiki, zikizidishwa kwa wiki 52 za mwaka, ni saa 2,704. Zikigawanywa kwa miezi 12, zinabaki saa 225 na kitu kidogo. Ndizo saa ambazo mshahara wa mwezi unanunua. Mfanyakazi akikumbuka chanzo hicho hatahitaji kuikariri kanuni, na pia ataona kwa nini mkataba wa wiki ya saa 45 unaweza kutumia kigawanyo kidogo zaidi. Saa 45 kwa wiki ni saa 195 kwa mwezi, na kigawanyo kikipungua, bei ya saa inapanda.

Kinachogawanywa ni mshahara wa msingi, bila marupurupu ya nyumba. Mfanyakazi wa shilingi 18,000 anayeongezewa asilimia 15 ya nyumba, ambayo ni shilingi 2,700, hupokea jumla ya 20,700, lakini hesabu ya saa za ziada huanzia kwenye 18,000. Mahali ambapo mshahara umeandikwa kama jumla moja, mkataba unapaswa kuonyesha kwamba jumla hiyo imejumuisha nyumba. Kama hausemi, hilo nalo ni swali la kumuuliza mwajiri.

Mwezi mmoja dukani

Tumrudie yule mfanyakazi wa duka. Kazi yake ni kufagia, kupanga bidhaa na kupakia mizigo kwenye magari ya wateja. Anaingia saa mbili asubuhi na kutoka saa moja jioni, Jumatatu hadi Jumamosi, na ana saa moja ya chakula ambayo ni yake kweli, anaweza kuondoka dukani. Hiyo ni siku ya saa 10, na wiki ya saa 60.

Kumi na nane elfu kugawanya kwa 225 ni shilingi 80. Hiyo ndiyo bei ya saa yake moja. Mara moja na nusu ni 120, mara mbili ni 160.

Kila wiki anapita 52 kwa saa nane. Nane mara 120 ni shilingi 960. Kwa wiki nne ni 3,840. Tuseme mwezi huohuo bosi alimwita Jumapili moja kupokea lori la saruji na mabati, akafanya saa nane. Nane mara 160 ni 1,280. Jumla ya saa za ziada kwa mwezi huo ni shilingi 5,120, juu ya mshahara wake na marupurupu ya nyumba.

Saa moja haihesabiwi mara mbili. Saa nane za Jumapili zimekwisha kulipwa kwa kiwango cha siku ya mapumziko, kwa hiyo hazirudi tena kwenye hesabu ya saa zilizopita 52.

Kuna tatizo jingine katika mfano huu, nalo liko upande wa mwajiri. Amri inaweka kikomo: kwa mfanyakazi wa mchana, saa za kawaida pamoja na za ziada zisipite 116 katika wiki mbili zinazofuatana. Huyu anafanya 120 hata kabla ya Jumapili kuongezwa. Mwajiri amevuka mpaka, na kulipa hakumwondolei kosa hilo. Lakini pia kuvuka mpaka hakuzifuti saa zilizofanyika. Jasho limeshatoka, na saa ya 117 ina bei kama ile ya 110. Suluhisho kwa duka la namna hii ni kupanga zamu au kumtafuta mtu wa pili wa jioni.

Mshahara unavyoyeyuka kwenye kikokotoo

Kosa la kawaida si kukataa kulipa. Ni kugawanya vibaya.

Mwajiri anachukua 18,000, anagawanya kwa siku 30, anapata 600. Halafu anagawanya 600 kwa saa 24, kwa kuwa siku ina saa 24. Anapata shilingi 25. Mara moja na nusu ni 37.50, mara mbili ni 50. Karatasi inaonekana safi kabisa, ina hesabu, ina hata desimali. Kwa mwezi uleule wa mfano wetu, mfanyakazi analipwa shilingi 1,200 kwa saa 32 za jioni na shilingi 400 kwa Jumapili. Jumla ni 1,600 badala ya 5,120.

Tofauti ni shilingi 3,520 kwa mwezi. Hali ikiendelea hivyo mwaka mzima, ni shilingi 42,240, ambazo ni zaidi ya mshahara wa msingi wa miezi miwili. Mtu amefanya kazi miezi kumi na miwili bila kulipwa haki yake yote, na hakuna siku hata moja aliyoona pesa ikichukuliwa mfukoni mwake.

Anayegawanya kwa 24 amemhesabia mfanyakazi usingizi wake kama muda wa kazi. Likielezwa hivyo, waajiri wengi huelewa mara moja, kwa sababu wengi wao ni watu wa duka na wanajua hesabu. Ndiyo maana inafaa mfanyakazi aende na karatasi yenye mistari mitatu kuliko kwenda na hasira: "Bosi, naomba tuangalie hii hesabu pamoja. Mshahara wangu ni huu, ukigawanywa kwa 225 saa yangu ni themanini. Mwezi huu nimefanya saa hizi."

Kosa la pili ni lile la kiasi kimoja kwa wote: mia mbili kila anayebaki, awe amebaki saa moja au nne, Jumanne au Jamhuri Dei. Kiasi cha namna hiyo hakikatazwi kikizidi sakafu ya amri. Kikipungukiwa, pengo bado ni deni.

Kosa la tatu ni usemi kwamba "mshahara wako una kila kitu ndani." Usemi huo peke yake hautoshi. Mwajiri anayesema ovataimu imo ndani ya mshahara aweze kuonyesha ni saa ngapi na kwa shilingi ngapi, na akiondoa kiasi hicho, kinachobaki kisiwe chini ya mshahara wa chini wa kisheria.

Askari wa geti

Walinzi wa usiku wanastahili kuangaliwa peke yao, kwa kuwa ndio wanaofanya saa nyingi zaidi na ndio hesabu yao huchanganywa zaidi.

Mlinzi aliyeajiriwa na mwenye ploti huanza saa kumi na mbili jioni na kumaliza saa kumi na mbili asubuhi. Usiku sita ni saa 72. Wiki ya usiku ni saa 60, kwa hiyo saa 12 kila wiki ni za ziada. Kwa mshahara wa msingi wa shilingi 18,000, hizo ni shilingi 1,440 kwa wiki, au 5,760 kwa wiki nne.

Kikomo cha kazi ya usiku ni saa 144 katika wiki mbili. Sabini na mbili mara mbili ni 144 kamili. Kwa hiyo mlinzi wa saa 12 kwa usiku sita amefika ukingoni, hapana nafasi ya hata saa moja zaidi. Mwenye ploti anayemtaka alinde usiku wa saba pia, mwezi baada ya mwezi, kwa sababu "analala hapo hapo kibandani," anavunja kikomo hicho na kumnyima siku ya mapumziko ambayo Sheria ya Ajira imempa. Na kila usiku wa saba aliokesha ni saa 12 kwa shilingi 160, yaani shilingi 1,920.

Mlinzi wa kampuni ana amri ya sekta yake, na huko wiki ya kawaida ni saa 52. Saa zake 72 zinamwachia saa 20 za ziada kila wiki, si 12. Walinzi wawili wanaweza kukaa mageti mawili yanayotazamana, wakavaa makoti yanayofanana, na hesabu zao zikawa tofauti. Kabla ya kuuliza analipwa ngapi, mlinzi aulize ameajiriwa na nani.

Nyumbani nako ni kazini

Mkazi anayelalamika kwamba kiwanda kimempunja saa tatu za jioni huenda asubuhi hiyohiyo alimwacha nyumbani dada wa kazi aliyeamka saa kumi na moja kuwatayarisha watoto, na atakayeosha vyombo vya chakula cha usiku saa nne. Amri ya Jumla inamtaja mfanyakazi wa nyumbani na yaya waziwazi. Saa 52 ni zake pia, na siku ya mapumziko ni yake.

Kwa anayeishi kwa mwajiri, ugumu ni kujua muda upi ni kazi. Si kila dakika ndani ya nyumba ni kazi, kama vile si kila dakika ya mlinzi kibandani ni mapumziko. Njia inayosaidia ni kuandika ratiba: anaanza saa ngapi, anapumzika mchana kuanzia saa ngapi hadi saa ngapi, anamaliza saa ngapi. Saa za kazi kweli zikijumlishwa kwa siku sita, zikafika sabini, saa 18 ni za ziada. Chakula na kitanda havilipi saa hizo. Mwajiri asiyemudu kuzilipa ana njia nyingine, nayo ni kumwachilia saa kumi na mbili jioni na kuosha vyombo mwenyewe.

Kiwango hufuata kazi, si makazi

Mshahara wa msingi wenyewe usiwe chini ya kiwango kilichowekwa. Amri ya Jumla inagawanya nchi katika makundi matatu: miji ya Nairobi, Mombasa, Kisumu na Nakuru, zilizokuwa manispaa pamoja na Mavoko, Ruiru na Limuru, kisha maeneo mengine yote. Nyongeza ya asilimia 6 iliyoanza tarehe 1 Novemba 2024 ilifikisha kiwango cha kibarua wa kawaida, bila nyumba, kwenye shilingi 16,113.75 katika miji ya kundi la kwanza, karibu 14,870 katika kundi la pili, na karibu 8,600 kwingineko.

Kwa mkazi wa Tuala au Kitengela pengo hili ni kubwa, kwa sababu Athi River iko Mavoko. Anayelala Tuala na kufanya kazi Mavoko huhesabiwa kwa mahali anapofanyia kazi. Na kwa kuwa saa ya ziada huzaliwa na mshahara wa msingi, mtu aliyewekwa kwenye kundi lisilo lake hupunjwa mara mbili: kwanza kwenye mshahara, kisha kwenye kila saa ya ziada. Viwango hubadilika kwa tangazo katika gazeti rasmi la serikali, kwa hiyo ni vyema kuuliza afisa wa kazi kuhusu tangazo la karibuni. Muda wa kusafiri, hata matatu ikikwama saa mbili njiani, kwa kawaida hauhesabiwi kama kazi.

Makato nayo yapo. Malipo ya saa za ziada ni sehemu ya mapato, kwa hiyo asilimia 2.75 ya bima ya afya ya SHIF na asilimia 1.5 ya ushuru wa nyumba huyagusa. Kwa zile shilingi 5,120, makato hayo mawili ni kama shilingi 218, na NSSF ina fungu lake. Kodi ya mapato itategemea jumla ya mapato ya mwezi.

Daftari la shilingi ishirini

Hesabu ikishajulikana, linabaki swali gumu zaidi: nani atathibitisha kwamba saa hizo zilifanyika?

Sheria ya Ajira inamtaka mwajiri aweke kumbukumbu za wafanyakazi wake na kutoa karatasi ya mshahara inayoonyesha malipo na makato. Wafanyakazi wengi huamini kwamba basi kazi ya kuthibitisha ni ya mwajiri peke yake. Mahakama haijaliona hivyo. Katika hukumu moja ya mwaka 2016, Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi ilieleza kwamba mzigo wa kuonyesha saa zilizopita kiwango cha kisheria humwangukia mfanyakazi, naye lazima aonyeshe zilizidi vipi. Madai ya aina ya "nilikuwa nafanya saa nne zaidi kila siku kwa miaka mitano," bila tarehe wala mchanganuo, yameangushwa mara nyingi, hata mbele ya jaji aliyeamini kwamba mtu huyo alichoka kweli.

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, na dawa yake ni daftari dogo. Kila siku iandikwe tarehe, saa ya kuingia, saa ya kutoka, muda wa chakula, na kazi iliyomfanya mtu abaki. Jumapili ya lori la saruji iandikwe hivyo, "Jumapili, lori la saruji," kwa sababu duka nalo litakuwa na karatasi ya kupokea saruji ya tarehe hiyohiyo. Daftari lililoandikwa siku kwa siku, kwa kalamu tofautitofauti na chapati imeligusa pembeni, huaminika kuliko orodha nadhifu iliyotungwa usiku mmoja kabla ya kesi.

Ushahidi mwingine mara nyingi tayari uko kwenye simu. Ujumbe wa WhatsApp wa saa mbili usiku unaosema "usifunge bado, kuna mteja anakuja," ujumbe wa M-Pesa wa malipo ya mwezi, picha ya ratiba ya zamu iliyobandikwa ukutani. Kwa mlinzi, kitabu cha matukio cha getini kina saa na sahihi. Wenzake wa zamu pia ni mashahidi.

Kwa mwajiri mdogo, daftari la namna hiyo ni kinga yake pia. Aliyeweka rejista ya kuingia na kutoka, ikatiwa sahihi na pande zote mbili kila wiki, ana la kuonyesha siku akidaiwa saa ambazo hazikufanyika.

Kudai

Hatua ya kwanza ni kuzungumza na mwajiri, kisha kumwandikia, hata kama ni ujumbe mfupi wa simu wenye hesabu ya mwezi husika. Mwenye chama cha wafanyakazi apitie kwa mwakilishi wake kazini. Isipofaa, malalamiko hupelekwa kwa afisa wa kazi katika Ofisi ya Kazi mjini Kajiado, na kwa anayefanya kazi Athi River, kwa ofisi inayohudumia eneo hilo upande wa Machakos. Aende na kitambulisho, barua ya ajira kama ipo, karatasi za mshahara au ujumbe wa M-Pesa, na daftari. Asiyepewa barua ya ajira asibaki nyumbani kwa sababu hiyo. Sheria ilimtaka mwajiri aiandike, na mwajiri asipoitoa, ni yeye atakayebeba mzigo wa kuthibitisha masharti ya ajira yanayobishaniwa.

Afisa wa kazi huwaita wote wawili na mara nyingi jambo huishia mezani pake. Lisipoisha, kesi ya mfanyakazi ambaye mshahara wake hauzidi shilingi 80,000 kwa mwezi inaweza kusikizwa na mahakama ya hakimu aliyepewa mamlaka hayo, bila kulazimika kwenda hadi Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi.

Hofu kubwa ya wengi ni kufutwa. Sheria ya Ajira inasema kumlalamikia mwajiri si sababu halali ya kumfuta mtu kazi, isipokuwa ikionyeshwa kwamba malalamiko hayo yalikuwa ya kizembe na hayakuwa na msingi. Hilo halimzuii bosi mwenye hasira kumfungia mtu mlango Jumatatu asubuhi. Linampa aliyefungiwa dai la pili, la kufutwa isivyo haki, ambalo apeleke kwa afisa wa kazi ndani ya miezi mitatu tangu siku aliyofutwa.

Muda una kikomo kwenye madai ya saa za ziada pia. Dai linalotokana na mkataba wa kazi hufunguliwa mahakamani ndani ya miaka mitatu, na kwa kosa lililokuwa likiendelea, sheria inataja miezi kumi na miwili tangu lilipokoma. Aliyeacha kazi mwaka jana na bado ana daftari lake asingoje mwaka mwingine upite.